Condor wa runinga: kwa nini hawakuiacha picha ya 1975 ilale?

Mwana wa Kibokoni

Jamani wa Mombasa, na wengine mnaopitia, nina neno nataka tulijadili bila kutukanana.

Mwigizaji Robert Redford alipofariki Septemba 2025, akiwa na miaka 89, nilikumbuka deki ya ami yangu. Ami alikuwa baharia. Kila akirudi kutoka Ghuba alikuja na kanda za video sandukuni, kazizongea vikoi zisivunjike. Moja ilikuwa *Three Days of the Condor*, picha ya 1975 iliyoongozwa na Sydney Pollack. Sisi watoto Kizungu cha kufuata mambo yale hatukuwa nacho, basi ami ndiye aliyetufasiria. Nimekuja kujua ukubwani kwamba nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe.

Kisa chake, kwa ambaye hajaiona. Joe Turner, ambaye ndiye Redford, ni kijana wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lakini si wa bastola. Kazi yake ni kusoma. Wamekaa katika nyumba moja New York, mlangoni pameandikwa jina la chama cha historia ya fasihi, na humo ndani yeye na wenzake wasoma vitabu na majarida ya dunia nzima, kutafuta kama kuna siri imevuja au hila ya kuigwa. Siku hiyo mvua yanyesha. Ni zamu yake kwenda kununua chakula cha mchana, akapita mlango wa nyuma asilowe. Kurudi na mfuko wa chakula mkononi, wenzake wamelala chini kwa risasi. Kuanzia hapo hajui amwamini nani, na wewe unayetazama hujui vile vile.

Na kosa lake lilikuwa nini? Aliona kitabu cha upelelezi kisichokuwa na soko, lakini kimetafsiriwa kwa lugha za ajabu ajabu, Kiarabu kikiwemo. Akakiandikia ripoti. Yeye adhani afanya kazi aliyoajiriwa, kumbe amekanyaga mkia wa watu ndani ya CIA yenyewe waliokuwa wakipanga mambo yao ya mafuta ya Mashariki ya Kati. Tafsiri tu! Kitabu kimoja kuwa katika lugha isiyotarajiwa, watu wafa.

Sasa tuje kwa mfululizo wa runinga, *Condor*, ulioanza Juni 2018, Max Irons ndiye Turner, msimu wa kwanza sehemu kumi. Nilijaziwa flashi na kijana mmoja wa duka la movie Mwembe Tayari, nikakaa nao wiki nzima kila baada ya Isha. Nimeumaliza. Asije mtu akaniambia sikuutazama.

Nimevunjika moyo, na nasema kwa nini.

Turner wa leo silaha yake si vitabu tena. Ana programu ya kompyuta inayochambua watu na kusema huyu ni wa kushukiwa. Yule wa 1975 mimi nilimpenda kwa sababu aliokoka kwa kusoma. Muuaji amekuja mlangoni kavaa kama tarishi wa posta, kila kitu sawasawa, na Turner amtambua kwa viatu. Alikuwa mtu wa kutazama, basi. Mimi nilikuwa mtoto mnyonge, mpira sijui, kuogelea sijui, kusoma najua. Mnaelewa picha ile ilinifanya nini.

Halafu maelezo. Mfululizo wakuonyesha mapema sana nani yuko upande gani. Wakuketisha chumbani na wala njama, wawasikia wakipanga. Wametia ami wa Turner, ambaye ni William Hurt, wametia rafiki wa Turner, wametia na mke wa rafiki, na kila mmoja ana machungu yake ya nyumbani ya kutusimulia. Sasa hofu itoke wapi, ikiwa mimi niliyekaa kochini najua zaidi ya anayekimbizwa?

Kitabu chenyewe cha James Grady, cha 1974, kilikuwa cha siku sita. Pollack akakata, akabakisha siku tatu na dakika 117. Yule alijua kukamua, akachukua kasimile akaacha chicha. Hawa wa runinga wameiokota chicha ile ile, wakatia maji, wakakamua saa kumi.

Na mwisho! Picha yaishia nje ya ofisi za gazeti la *New York Times*. Turner amewapa habari yote. Mkubwa wa CIA, Higgins, amwuliza wajuaje kama wataichapa. Turner aondoka, ageuka kumtazama, na picha yaganda hapo hapo. Ami aliinuka akaipiga deki kofi, akidhani kanda imekwama. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akairudisha. Ikaganda pale pale. Tulilala na lile swali tumboni.

Swali langu basi: picha iliyokwisha kukamilika, ina haja gani ya kurefushwa? Au ni mimi tu naililia deki ya ami?

---

Mkali wa Kisauni

Ami, shikamoo. Jibu ni hilo la mwisho. Waililia deki.

Mimi hiyo picha yenu niliianza, nikalala. Mtu apiga simu kibandani, akata, atembea, apiga tena. Mara aingia nyumba ya mwanamke, wakaa. Kwa *Condor* mpya nilikesha mpaka adhana ya alfajiri. Yule Brendan Fraser mmemwona? Mwenye kuchekeshachekesha watoto zamani, humu yuwatisha mpaka ukizima taa wamwaza. Mlivyomzoea Redford mwenu ndivyo sisi tulivyomzoea huyu.

---

Binti Makadara

Kaka wa Kibokoni, nimekusoma kwa raha, lakini mambo mawili umeyaruka na uliyaruka kwa makusudi.

La kwanza ni Kathy. Mbona hukumtaja? Faye Dunaway, ambaye ndiye Kathy, yumo katika picha ile nusu nzima. Mwanamke wa watu ametoka dukani, hamjui Turner wala Turner hamjui, atiwa bastola ubavuni, alazimishwa kumpeleka nyumbani kwake, afungwa. Na kabla siku haijageuka, yuko naye kitandani. Ami yako hapo aliwafasiria nini? Au alipeleka mbele? Hiyo ndiyo picha "iliyokamilika"? Mtu kanishikia bastola, mimi nimfanyie mahaba kwa sababu ana macho ya buluu! Wallahi sehemu ile nikiitazama leo nachukia, na naipenda picha yenyewe. Ile ilikuwa kasoro mwaka 1975 na ni kasoro sasa, na mtu akija kuitengeneza upya ana haki kabisa ya kuanzia hapo.

La pili, Joubert. Muuaji wa kukodiwa. Katika picha ni Max von Sydow, Msweden mrefu, mpole, ana adabu zake, haulizi kwa nini auwe mtu, auliza lini na wapi. Katika mfululizo ni mwanamke, Leem Lubany, Mpalestina. Kuna wanaume hapa mjini nimewasikia wakisema wameharibu. Wameharibu nini? Mwanamke huwezi kumwona akija, na ndiyo kazi yenyewe ya muuaji. Mimi nilimtazama yeye tu. Turner hata sikumbuki kavaa nini.

Ama hiyo habari yako ya tui, hapo nimecheka, kwa sababu ni wazi hujapika. Wali hauanzi na kasimile, kaka. Waanza na tui la pili, jepesi, mchele uive nalo. Kasimile huja mwisho. Ukianza na zito utaunguza sufuria. Kwa hivyo urefu si kosa. Kosa la hawa ni kwamba walitia tui jepesi, wakangoja, wakangoja, na kasimile hawakutia. Hapo nakuunga mkono.

---

Mtu wa Bara, Mtwapa

Mimi niko hapa Pwani mwaka wa nane na bado mnaniita mtu wa bara, sawa tu. Swali fupi. Kwani ni lazima tuchague? Filamu ipo. Haijafutwa. Series ikiwa mbaya unazima. Sisi tumekua na DJ Afro akiweka maneno yake juu ya kila filamu, na hakuna aliyesema ameharibu. Kuna filamu zingine nilizipenda kwa sababu yake, na nilipokuja kuziona bila yeye nikaona ni za kawaida sana.

Ami wa Kibokoni alikuwa DJ Afro wa kwanza. Huyo ndiye unamkumbuka, si Redford.

---

Fundi Waya

Mtu wa Bara amepiga karibu na mfupa, lakini niachieni nami niseme, maana jambo hili lina upande ambao nyinyi wa kutazama sura hamwuoni.

Mimi nimestaafu. Nilivuta waya za simu Mombasa hii tangu namba zilipokuwa za kuzungusha kwa kidole. Picha ile niliiona na mafundi wenzangu. Kulikuwa na Kenya Cinema pale Nkrumah Road, kulikuwa na Lotus, mkitoka mwabishana mpaka Marikiti. Ila hii tuliiona kwa kanda, nyumbani kwa mmoja wetu. Tulipofika mahali Turner apata vifaa vya fundi wa simu, akaingia kwenye chumba cha waya akaanza kuunganisha laini hizi na zile, sote tulinyamaza. Halafu tukapiga makofi. Kwa mara ya kwanza stelingi alikuwa mmoja wetu!

Nieleze, kwa Mkali na vijana wenzake wanaodhani mtu wa kibandani apoteza wakati. Zamani ukipiga simu, mashine za eksichenji zilifunga njia ya waya kutoka kwako mpaka kwa uliyempigia. Njia ile ilikuwepo maadamu mwazungumza. Ukikata, yafunguka, haipo tena. Kumtafuta mpigaji ilibidi fundi asimame kwenye fremu ya waya na kuifuata njia ile kwa kurudi nyuma, swichi hadi swichi, na kama yatoka eksichenji nyingine, apigie fundi wa huko naye aanze upya. Hiyo ndiyo maana ya "mshikilie asikate". Si uongo wa sinema. Na Turner alipochanganya laini, wale waliokuwa wakimfuata walijikuta wafika kwa watu wasiohusika. Ni kazi ya fundi, na ni kweli yawezekana.

Leo? Simu iliyo mfukoni mwako, hata hujapiga, yajitambulisha yenyewe kwa busta, yaani mnara wa simu, iliyo karibu, ili mtu akikupigia wajue wakupate wapi. Hakuna haja ya kushikiliwa. Umekaa Tudor, mtandao wajua uko Tudor. Turner wa leo neno la kwanza ni kuitupa simu, na akishaitupa, picha yangu niipendayo imekufa, maana ile yote ilisimama juu ya simu.

Kwa hivyo mimi simlaumu aliyetia programu ya kompyuta. Angetia nini? Kibanda cha simu kipo wapi? Nitajieni kimoja Mombasa kinachofanya kazi.

Nimlaumu kwa lingine. Mfululizo huu ulitengenezewa chaneli iliyoitwa Audience, mali ya AT&T. AT&T ni kampuni ya simu. Mwaka 2006 fundi wa AT&T aliyestaafu, Mark Klein, alijitokeza kusema kwamba katika jengo la kampuni San Francisco kulikuwa na chumba, namba 641A, ambamo mawasiliano ya intaneti ya watu yalinakiliwa kwa ajili ya shirika la usikilizaji la serikali, NSA. Fundi! Si jasusi, si mwanajeshi. Mtu wa waya aliyeona waya zikienda mahali zisipostahili kwenda, akachukua karatasi zake akapeleka kwa waandishi. Huyo ndiye Turner hasa, wa kusoma na kutazama, na alikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Wakaacha hadithi hiyo wakaenda kutafuta tauni.

Chaneli yenyewe ilifungwa 2020, msimu wa pili ukahamia chaneli ya Epix. Hilo sisemi neno.

---

Ustadh wa Likoni

Assalaam alaykum. Fundi ametaja tauni na akapita. Mimi sitapita.

Nawashangaa. Mmejadili viatu, tui, simu, wanawake, na mpaka sasa hakuna aliyesema njama ya mfululizo huu ni nini. Ni kuwaua mahujaji. Watu wataka kupeleka maradhi ya tauni Makka wakati wa hija, ili Waislamu wafe kwa wingi na Mashariki ya Kati ivurugike. Katika picha ya 1975 ilikuwa mafuta. Miaka arobaini na mitatu baadaye mafuta hayatoshi kuwatia watu hofu, wametafutwa wanadamu.

Mimi nimehiji. Nimesimama Arafa katika umati ule, jua la utosini, mtu wa Indonesia upande huu, wa Nigeria upande huu, nimeshika mkono wa mzee wa Lamu ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Sasa nikae nitazame watu wa suti Washington wajadiliana kama sisi tufe au tusife, na huku muziki walia taratibu? Na mmoja wao ndiye atakayetuokoa? Sisi humo ndani ni nini? Ni idadi.

Najua mtanijibu: Ustadh, angalau humu Waislamu ndio wanaodhulumiwa, si wao wenye mabomu. Kweli. Tumetoka mbali. Tumezoea kuona ndevu zetu zikishika kidude cha kulipulia. Lakini kupandishwa cheo kutoka adui kuwa maiti si heshima ninayoweza kuishukuru.

Na hiyo programu inayochagua wa kushukiwa, ndugu zangu, sisi twaijua bila kompyuta. Baada ya mabomu ya Agosti 7, 1998 Nairobi, na baada ya yale ya Kikambala Novemba 28, 2002, mji huu mtu aliweza kuchaguliwa kwa jina na kanzu. Shemeji yangu alichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, akakaa siku nne, akarudishwa njiani asubuhi bila neno. Mpaka leo akisikia gari lasimama nje baada ya saa nne, hunyamaza kwanza. Alikuwa muuza viatu Kongowea.

Ile picha ya zamani ilijua kunyamaza huku. Joubert mwishoni amwambia Turner jinsi atakavyouawa: siku moja gari litapunguza mwendo kando yake, mlango utafunguliwa, na atakayekuwa ndani ni mtu amjuaye, pengine amwaminiye, naye atatabasamu. Hakuna risasi, hakuna kelele. Shemeji yangu nilimwonyesha sehemu hiyo tu. Aliniambia zima.

---

Mkali wa Kisauni

Sheikh, hapo umenifunga. Lakini nikuulize kwa adabu: si afadhali jambo hilo liko wazi? Mimi hija niliijua kwa bibi yangu na kwa hicho kipindi. Marafiki zangu wawili si Waislamu, tulikuwa tukitazama pamoja, waliniuliza Arafa ni wapi, kwa nini watu wakaa wengi hivyo pahali pamoja. Nikaeleza. Picha yenu ya mafuta hakuna Mwarabu hata mmoja anayesema. Kiarabu kilichomo ni cha jalada la kitabu.

---

Mwana wa Kibokoni

Mkali, hilo la Kiarabu cha jaladani limenichoma, na ni kweli. Nimelifikiria tangu jana. Miaka yote nikisifu kwamba fumbo la picha ni tafsiri, sikujiuliza wenye lugha hiyo wako wapi. Wamo kwenye ramani tu.

Binti, Kathy nimenyamaza kwa aibu, umenikamata. Ami hakupeleka mbele. Alituambia wameoana. Kadhi amepitia mlango wa nyuma.

Fundi, mzee wangu, nimekuelewa, lakini sijakubali. Wasema kibanda cha simu hakipo, kwa hivyo lazima hadithi ibadilike. Naam, ibadilike. Mimi sikulilia kibanda. Nilichokililia ni kutojua. Turner akiishika ile simu hajui upande wa pili ni rafiki au ni mwenye kumtoa roho, na mimi sijui. Kutojua huko hakujakufa pamoja na vibanda. Shemeji ya Ustadh akisikia gari, hajui. Hapo ndipo palipokuwa pa kuwekwa kamera, na wao wakaiweka kwa wakubwa, kwenye meza za mninga na bilauri za pombe.

Na habari ya Mark Klein ndiyo inayonisumbua zaidi. Watu hawakosi hadithi mpya. Wanazo, na wazijua. Lakini jina lililokwisha kujulikana ni rahisi kuuza kuliko jina la fundi mstaafu. Mfululizo huu ungeitwa jina lingine, na huyo kijana asiitwe Turner, nisingeandika hapa hata mstari mmoja. Ningesema ni kipindi cha kijasusi, kina ubaya na uzuri wake. Wameazima jina, basi wadaiwa.

---

Binti Makadara

Wadaiwa na nani? Wewe ulilipa nini? Flashi ya Mwembe Tayari?

---

Mtu wa Bara, Mtwapa

Hiyo imeingia.

---

Fundi Waya

Bint yangu, mwache kaka yako.

Nirudi kwa lile swali la Higgins, watachapa au hawatachapa, maana mmeliacha linaelea na lina jibu. Picha ilipotoka 1975, Wamarekani walikuwa wametoka tu kumwona rais wao Nixon akijiuzulu, na *New York Times* yenyewe, Desemba 1974, ilikuwa imechapa ripoti ya Seymour Hersh kwamba CIA yapeleleza raia wake ndani ya nchi. Ndiyo maana Turner akimbilia gazeti lile. Wakati huo mtu aliweza kuliamini gazeti.

Kisha tazama ya baadaye. Habari ya serikali ya Bush kusikiliza simu za watu bila kibali cha mahakama, gazeti lile lile lilikuwa nayo, likaikalia zaidi ya mwaka kwa kuombwa na serikali, likaichapa Desemba 2005. Na Mark Klein, gazeti la kwanza alilolipelekea karatasi zake halikuzichapa. Sasa fikiri mfululizo wa saa kumi juu ya mtu aliyetoa habari, halafu angoja. Kila asubuhi aamka, anunua gazeti, haimo. Mke amwuliza. Anunua tena kesho. Mwaka. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya runinga, maana sinema haina muda wa kungoja na runinga inao. Urefu wao wangeutumia hapo, wala nisingelalamika.

Wenzangu wa zamani wawili wangeitazama. Na mimi watatu.

---

Ustadh wa Likoni

Fundi, hiyo iandikie. Kwa Kiswahili. Na mtu wako mweke Tudor, si San Francisco.

---

Fundi Waya

Nina mtoto wa jicho, sheikh. Aandike Binti, maadamu ajua wakati wa kutia kasimile.

---

Mkali wa Kisauni

Mimi nitakuwa yule wa kuulizwa "gazeti lipo?" kila asubuhi. Niwekeni tu.

---

Mwana wa Kibokoni

Juzi usiku, kwa sababu yenu, niliiweka tena. Sasa hakuna deki, niliipata kihalali mtandaoni nikailipia, Binti, risiti ninayo. Mtoto wa dada yangu alikaa nami, ana miaka kumi na tatu. Nilimngojea alale kama Mkali. Hakulala. Aliuliza kwa nini Turner hampigii mtu anayemjua, nikamwambia ndiyo picha yenyewe hiyo, tazama. Kwenye kibanda cha simu aliuliza ni choo. Sehemu ya Kathy niliipeleka mbele, ami aliniachia mwiba huo nami sina kadhi wa kumpitisha.

Tukafika mwisho. New York ya baridi, watu waimba nyimbo za Krismasi barabarani, Higgins na swali lake, Turner aondoka, ageuka, picha ikaganda.

Mtoto akangoja. Akaichukua simu yangu mezani, akaitazama, akanirudishia.

"Ami, bando imeisha?"